Ukuta wa Chumba cha Mkwe

Nilikuwa fundi mwenye majivuno, nasema hivyo bila kuona haya kwa sababu majivuno yenyewe nimeshatolewa. Nilikuwa nimerudi kutoka Mtwara, nilikofanya kazi kwa mkandarasi aliyejenga nyumba za wageni na kuzivika kwa nje mbao za saruji. Tuliziita mbao ingawa hazikuwa mbao. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi, ikatengenezwa ndefu na nyembamba, upana wake shubiri moja, na usoni imechorwa mistari ili mtu wa mbali adhani ni mti. Zinapigwa kwa kulaliana. Unaanzia chini, ubao wa pili unaukalia wa kwanza kidogo, wa tatu unaukalia wa pili, hivyo hivyo mpaka juu, na mvua inateremka bila kupata pa kuingilia. Haziozi, na mchwa hawaziwezi. Kazi ilipoisha mkandarasi alituachia mabaki, nami nikayasafirisha mpaka kwangu Chiungutwa, nikayapanga nyuma ya nyumba na kuyafunika turubai.

Nilikuwa na mpango nayo. Nilitaka nijenge kibanda changu cha ufundi kando ya barabara, kila anayepita na baiskeli au bodaboda akione na aulize ni kazi ya nani. Miezi ikapita. Siku moja mke wangu alikuwa anaanika nguo, akasema bila kugeuka, "Hizo si zingemtosha mama?"

Nikajifanya sikusikia. Akamaliza kuanika, akabeba beseni lake, akapita mbele yangu taratibu kabisa. Mwanamke yule ana namna ya kupita mbele ya mtu akamwacha anajiona mwizi. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshakubali.

Mama yake, yaani mkwe wangu, alikuwa akiishi Mnyambe, huko juu upande wa Newala, peke yake tangu mumewe afariki. Nyumba yake ni ya miti na udongo, imeezekwa bati, ina sebule, stoo na chumba chake cha kulala kilichokaa kwenye kona ya mashariki. Mvua za kule hupiga upande huo. Kila masika yakiisha, ukuta wa chumba hicho unakuwa umemeguka mpaka fito zinaonekana, na kila mwaka yeye mwenyewe alikuwa anakanyaga udongo na kuukandika upya. Lakini udongo unataka maji, na aliyewahi kuishi Newala anajua maji ni kitu gani. Yeye alikuwa na kisima kidogo cha kukingia maji ya bati, na maji ya kisima hicho aliyagawa mwaka mzima kwa kichwa chake: ya kunywa, ya kupikia, ya kuogea, na yanayobaki, kama yamebaki, ya ukuta. Mwaka ule magoti yalikuwa yamemkatalia kukanyaga udongo. Ukuta ulipita kiangazi chote bila kuguswa.

Ndipo kaka yake alipoingia kati. Ni mdogo wake wa kuzaliwa, mstaafu wa ofisini anayeishi Newala mjini, na kwa watu wa kwao mjomba ndiye mwenye neno juu ya dada zake na watoto wao. Sisi wote tulimwita mjomba, mimi pia. Alikuwa ametenga chumba nyumbani kwake, chumba kizuri chenye vigae chini na feni juu, akasema wazi: mvua za kwanza zikikuta ukuta uko vile, anakuja kumchukua dada yake moja kwa moja. Hakusema kwa ubaya. Aliogopa nyumba itamwangukia. Mama mkwe akajibu kwamba hataki, na alipoulizwa kwa nini akasema hataki tu.

Basi kazi yangu ilikuwa hiyo. Nikimaliza ukuta kabla ya mvua, anabaki kwake. Nisipomaliza, anaondoka. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja tayari, mawingu yalikuwa yanapita kila alasiri na kurudi zao.

Sasa lazima nieleze jambo la heshima, maana bila hilo mtu ataniona mpumbavu kuliko nilivyokuwa. Mimi ni mtoto wa Masasi, wa ukoo wa Kiislamu uliokaa pale vizazi na vizazi, na mke wangu ni Mmakonde wa juu. Tunatofautiana kwa mengi lakini kwa mkwe tumelingana. Mkwe mwanamke hatazamwi usoni. Unamsalimia kwa mbali, umechuchumaa, macho chini. Hukai mkekani pake, huli mbele yake, na neno la maana linapitia kwa mtu wa kati. Kwa miaka kumi na miwili niliyokuwa nimemwoa binti yake, maneno yaliyotoka kwake yakanifikia bila kupitia kwa mtu yalikuwa "marahaba" na "karibu," basi. Na chumba chake cha kulala si cha kuingia wala cha kuchungulia. Hata kukitaja nilikuwa naona tabu.

Tulifika Mnyambe mimi na mke wangu siku ya Jumapili, mbao juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikashusha vifaa vyangu vyote na kuvipanga mahali ambapo majirani wangeviona vizuri. Mke wangu alikuwa na siku mbili tu kabla ya kurudi kwa watoto. Nikapima ukuta, nikaushika, nikaugonga kwa nyundo.

Shida ya kwanza ya kuvika nyumba ya udongo ni kwamba mbao za saruji ni nzito, na udongo haushiki msumari. Unatakiwa kwanza usimamishe papi, zile mbao nyembamba za kupaulia, uzipigilie kwenye nguzo zilizo ndani ya ukuta, ndipo mbao za saruji zikae juu ya papi. Kwa hiyo lazima ujue nguzo ziko wapi. Kule Mtwara fremu zote zilikuwa za kiwandani, kila sentimita sitini kuna nguzo, mtu angeweza kupigilia amefumba macho. Huku nguzo ziko ndani ya udongo, na mtu mmoja tu duniani alijua kila moja imesimama wapi, kwa sababu alikuwepo zikichimbiwa na amekuwa akizikandika miaka yote hiyo.

Sikumuuliza. Nimuulizeje? Nimtume mke wangu akamwambie mama yake, mume wangu anataka kujua ukuta wa chumbani kwako umekaaje? Niliona ni utovu wa adabu, na kusema kweli niliona pia kwamba fundi wa Mtwara haulizi. Nikagonga mpaka nikapata nguzo ya kwanza, nikagonga nikapata ya pili, nikapima kutoka ile mpaka hii, nikahamisha kipimo hicho hicho ukuta mzima kwa kalamu ya risasi. Mistari yangu ilinyooka vizuri sana.

Mke wangu alinitazama nikichora, akauliza, "Una hakika?"

"Kazi hii nimefanya miaka mingapi?"

"Sijakuuliza miaka."

Nikapigilia papi. Nyingine ziliingia kwa ulaini ambao ungemshtua fundi yeyote mwenye akili zake, nami nikajiambia miti ya zamani ni milaini. Kufikia Jumatatu jioni nusu ya ukuta ilikuwa imevaa. Majirani waliokuwa wanatoka kuokota korosho walisimama na ndoo zao, wakapapasa, wakauliza kama ni mbao kweli, wakamwambia mama mkwe kwamba nyumba yake imekuwa ofisi. Alicheka kutoka ndani. Mke wangu akaondoka Jumanne asubuhi na bodaboda, akiwa bado hajasema kazi ni nzuri.

Jumatano alasiri ukaja upepo. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa ule wa kiangazi unaozungusha majani na mifuko ya nailoni uani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nakata ubao. Nikasikia mlio mrefu wa misumari inayotoka mahali ambapo haikuwa imeshika kitu, nikageuka, nikaona kazi yangu ya siku tatu inainama polepole kuelekea uani na kuanguka yote kwa pamoja. Mbao nne zilivunjika. Na papi zilipong'oka ziliondoka na bonge la udongo, likaacha tundu la ukubwa wa sufuria katika ukuta wa chumba cha mkwe wangu.

Nilitazama kabla sijakumbuka kutotazama. Niliona mguu wa kitanda na pindo la shuka. Nikageuza uso haraka, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine nikavua shati nikaliziba tundu kwa kulisokomeza. Ndipo mama mkwe alipotoka mbio kwa mlango wa mbele kuona kilichoanguka, akamkuta mkwewe amesimama uani kifua wazi. Tulipeana mgongo kwa wakati mmoja. Hata leo nikikumbuka naona joto masikioni.

Vumbi halijatulia, habari ilikuwa imeshafika Newala. Mjomba hakunipigia mimi. Alimpigia dada yake, na kwa vile simu yake ile ndogo inasikika hata kwa jirani, nikasikia yote kutoka nyuma ya stoo. Jumamosi asubuhi anakuja na gari. Afungashe. Fundi huyo aachwe arudi kwao salama.

Nilimpigia mke wangu. Nilitegemea atanihurumia.

"Ulimuuliza mama?" akasema.

"Baba zima kama mimi nimuulize mkwe wangu mambo ya chumbani kwake?"

"Baba watoto, mama hajui kusoma, lakini ule ukuta anaujua. Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

Akakata simu. Baadaye akapiga. Alikuwa amezungumza na mama yake. "Anasema kesho uanze kazi mapema. Yeye atakuwa ndani. Ukigonga, atakugongea."

Sikuelewa mpaka asubuhi. Nilisimama mbele ya ukuta, nimevaa shati la pili, nikagonga kidogo kwa nyundo. Kutoka ndani ukaja mlio mmoja mzito wa kugonga. Alikuwa ameshika mchi wa kinu. Alikuwa anagonga mahali nguzo ilipo. Nikaweka alama ya mkaa. Nikasogea, nikagonga, yeye akagonga kulia kwangu, nikafuata sauti mpaka tukakutana, akanyamaza. Alama nyingine. Hakuna aliyemwona mwenzake, hakuna aliyetamka neno, na heshima ilibaki pale pale ilipokuwa. Tulipomaliza sehemu ile nikarudi nyuma kuziangalia alama zangu. Mbili zilikuwa karibu kabisa, iliyofuata mbali, moja imeinama. Zilikaa kama meno ya mzee. Hapana hata moja iliyokuwa mahali nilipopima mimi.

Nikapigilia msumari wa kwanza kwenye alama ya kwanza, na mkono wenyewe ulijua. Msumari ukiingia kwenye mti mgumu unaimba. Nilipiga papi zote za sehemu ile kabla jua halijawa kali, nikazitikisa kwa nguvu zangu zote, hazikusogea. Kwenye kona ya nyumba nikakuta nusu ndoo ya maji imewekwa. Hakuna aliyeniambia ni ya nini, lakini nilijua ni ya kuzibia lile tundu, na nilijua pia imepunguzwa kutoka wapi. Nikakanda udongo kwa uangalifu kama ninayekanda unga wa mkate, tone halikupotea.

Siku mbili hizo, Alhamisi na Ijumaa, ndizo nilizofanya kazi vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nilianza na kipande chembamba chini kabisa ili ubao wa kwanza ukae na mwinamo sawa na wenzake. Niliacha shubiri moja kutoka ardhini, ili mchwa wakitaka kupanda waonekane. Sikuwa na mtu wa kunishikia upande wa pili, kwa hiyo nilitengeneza vishikizo viwili vya mbao, naegesha ubao juu yake, naweka pima maji, napigilia. Kukata, nilikwaruza kwa ncha ya chuma na kuvunja gotini, kitambaa kimefungwa puani, kwa sababu vumbi la kitu kile si la kuvuta. Mbao mbili zilipokutana niliacha upenyo mdogo na kuweka kipande cha bati nyuma yake. Na kila nilipohitaji nguzo nyingine niligonga, naye akagonga. Nilianza kuzoea. Nilianza hata kumtambua: asubuhi aligonga kwa nguvu, baada ya chakula aligonga kwa uvivu, na mara moja nilipogonga wakati anaswali hakunijibu mpaka alipomaliza.

Ijumaa alasiri nikafika kwenye kona ya mashariki. Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, nikasubiri, nikadhani ametoka. Lakini kona haihitaji kuulizwa. Kona lazima iwe na nguzo, tena nene kuliko zote, la sivyo paa limekaa juu ya nini? Nikashika papi, nikaweka msumari, nikapiga. Msumari uliingia wote kwa mapigo mawili, kama nimeuchoma kwenye ugali.

Nilisimama na nyundo mkononi. Kisha ukuta ukasema.

"Nkwe."

Alisema kwa matamshi ya kwao, taratibu, kutoka umbali wa shubiri mbili, nyuma ya udongo. Miaka kumi na miwili. Nilijikuta nachuchumaa pale pale.

"Naam, mama."

"Hapo hapana nti."

"Mama, hiyo ni kona. Kona haikosi mti."

"Ulikuwepo. Umeliwa na mchwa. Mwaka juzi."

Nikamuuliza paa limeshikwa na nini. Akaniambia. Alikuwa amesimamisha panda la mti chini ya boriti, peke yake, na kwa kuwa panda lilikuwa linateleza alikuwa amelikaza kwa sanduku lake la nguo, na juu ya sanduku gunia la korosho. Kitanda kilikuwa mbele ya sanduku. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuingia: mkwe haingii, kaka mtu haingii chumbani kwa dada yake, na binti akija kumtembelea alilazwa sebuleni kwa visingizio. Heshima ile ile iliyonifanya mimi niangushe ukuta ndiyo aliyoitumia yeye kuificha ile kona.

Nilikasirika. Sitaki kusema uongo hapa, nilimkasirikia mama wa watu kwa hasira ambayo nisingethubutu kumwonyesha. Masika mawili amelala chini ya paa lililoshikwa na sanduku la nguo! Na mimi nimekaa siku tatu nachora mistari kwa kalamu ya risasi. Nilitaka kuitupa nyundo.

"Zipige tu hizo mbao zako," akasema. "Zifunike. Njomba wako akija ataona ukuta nzuri, atarudi."

Na iliwezekana. Ningevuta papi mpaka nguzo ya jirani, ningefunika kona kwa kipande kirefu kilichonyooka, na hakuna binadamu ambaye angejua. Niliipiga hesabu ile kazi kichwani mpaka mwisho, na nasema ukweli, ilipendeza. Kisha nikafikiria usiku wa mvua kubwa, na mke wangu akipokea simu.

"Siwezi, mama," nikasema. "Nguzo lazima ibadilishwe. Nitatakiwa niingie."

Nikasikia mchi ukiwekwa chini. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

"Kesho asubuhi," akasema.

Jioni ile nilizunguka kwa majirani mpaka nikapata mti mgumu ambao mwenyewe alikuwa ameuweka kwa ajili ya choo chake. Nikaupaka sehemu ya chini oili chafu niliyoiomba kwa mafundi wa bodaboda, maana mchwa hawapendi harufu ile.

Nilipofika asubuhi kutoka kwa jirani aliyenipa pa kulala, nilikuta uani kumejaa. Kitanda, godoro, sanduku, gunia, mkeka, kioo, kanga zake zote zimekunjwa juu ya kiti. Alikuwa ametoa kila kitu chumbani, mwenyewe, na magoti yale, na akafagia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda chake, amenipa mgongo.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa mbali.

"Marahaba. Chumba hakina ntu sasa. Ni banda tu."

Nikaelewa. Alikuwa amekifanya kisiwe chumba chake, ili mimi niweze kuingia nisimvunjie heshima. Nilivua viatu hata hivyo.

Ndani nililikuta panda limesimama kwa miujiza. Nikaweka miti miwili ya kuegemeza boriti, nikaikaza, nikaanza kuchimbua nguzo ya zamani. Haikuwa nguzo tena. Lilikuwa ganda la mti lililojaa udongo wa mchwa. Nilikuwa nimepiga magoti, nimeingiza mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko, niliposikia gari likiingia uani.

Jumamosi. Kwa kushughulika na ile kona nilikuwa nimeisahau Jumamosi.

"Shikamoo, dada," nikamsikia mjomba. Halafu sauti yake ikafunguka kwa furaha. "Aa! Kumbe umeshafungasha. Afadhali, dada yangu. Afadhali sana. Nilijua utanielewa."

Nikasubiri amjibu. Hakujibu. Akisema hajafungasha, ataulizwa vitu vinafanya nini nje. Akisema kwa nini viko nje, atataja nguzo, na akishataja nguzo ameondoka. Na juu ya hayo kuna mwanamume chumbani kwake, tena mkwewe. Nikamsikia mjomba akimwambia dereva waanze na kitanda. Nikasikia kitanda kinanyanyuliwa na kuingizwa kwenye gari, vyuma vinagongana.

Nilitoka. Nilipita sebuleni nikatokea mlango wa mbele, miguu mitupu, udongo kuanzia mikononi mpaka usoni. Mjomba alinitazama, akautazama mlango, akanitazama tena.

"Unatoka wapi wewe?"

"Chumbani kwa mama. Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Dereva alishika kitanda kwa mikono miwili kana kwamba nitamnyang'anya. Mama mkwe akasimama kutoka kwenye kigoda, ikamchukua muda, akageuka.

"Nimemwingiza mimi," akasema. "Nguzo ya kona imeliwa. Masika mawili sasa. Nalala chini yake."

Mjomba akaingia ndani. Hakuvua viatu. Tulisikia anatembea, kisha hatukusikia kitu. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha ile nguzo, na kilikuwa kinamwagika katikati ya vidole vyake juu ya koti. Mzee yule nilikuwa nimemwogopa miaka yote, siku ile nikamwonea huruma.

"Dada, ungekufa."

"Ningefia kwangu."

"Na kwangu je? Kwangu si kwako?" Alisema kwa uchungu, si kwa hasira. "Nimekuwekea chumba. Maji tunanunua, yapo. Utakosa nini kwangu?"

"Sitakosa kitu, ndogo wangu." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Lakini kwako kuna mwenye jiko. Nikitaka chumvi nitaomba. Tangu niolewe, mimi sijaomba chumvi."

Dereva aliachia kitanda, akaenda kuzima injini. Mjomba alibaki amesimama na vumbi la mti mkononi, akimtazama dada yake, nami nikaangalia chini kwa sababu mama mkwe alikuwa ameanza kulia na mkwe hatazamwi.

"Itakuchukua muda gani?" Ilinichukua kidogo kujua mjomba anazungumza na mimi.

"Nguzo leo hii, mjomba. Mbao zilizobaki, kesho na keshokutwa."

Akaangalia mawingu. Akavua koti, akalikung'uta, akalitundika kwenye kioo cha gari, akakunja mikono ya shati. Akaingia tena ndani mbele yangu, na safari hii alivua viatu. Niliinua ile nguzo mpya tukaiteremsha shimoni, yeye akaikumbatia ili isimame wima, nami nikaanza kushindilia udongo kuizunguka. Nje nilimsikia mama mkwe akimwambia dereva aliyekuwa anakishusha kitanda garini akinyanyue, asikiburute, kwa sauti ya mtu aliye kwake.